Nyundo na Msumari

Fundi wa paa alipanda juu ya dawati lake, nyundo mkono wa kulia, msumari mkono wa kushoto. Darasa la jioni likaangua kicheko.

"Shuka, babu, utatuvunjikia kiuno! Nyundo itatangulia tu."

"Thibitisha jibu lako kwamba vinafika chini pamoja," alisema mwalimu. "Ukikosea, unarudia mwaka kwa mara ya tatu."

"Vikiniponyoka pamoja kule juu, mwalimu, chini nasikia mlio mmoja."

"Haya. Nahesabu milio kwa vidole."

Msumari ulikuwa umelowa jasho. Fundi akamwomba Mungu kimoyomoyo, akanyoosha mikono, akailinganisha kwa jicho kama anavyolinganisha mbao za paa, kisha akaachia vyote.

Kicheko kilikatika. Mwalimu alibaki ameinua kidole kimoja.