Muhanga Aliyeandikishwa Kujifunza Kuchimba

Usinibenulie midomo. Kama huamini kwamba muhanga, mnyama achimbaye mashimo tangu utotoni, aliandikishwa kujifunza kuchimba, basi hujawahi kufika ofisi yoyote.

Bi Muhanga alikwenda kuomba kazi ya kuchimba kisima, maana wanawe walikuwa hawajala tangu juzi. Kanga, karani wa mafunzo ya kazi, akafungua daftari.

"Huajiriwi, mama. Umo kwenye mafunzo ya kuchimba, ya ushonaji na ya upishi. Mwanafunzi haajiriwi mpaka afuzu."

"Nani kaniandikisha?"

"Mimi. Mkubwa wetu Simba anapenda idadi kubwa ya wanafunzi."

"Na nitafuzu lini?"

"Mwalimu akipatikana. Mwaka wa tatu huu tunamtafuta."

Bi Muhanga akayatazama makucha yake. "Niandike mimi mwalimu."

Kanga akaandika mbiombio, kwa kuwa Simba alikuwa akimuuliza habari za mwalimu kila wiki.

"Mwalimu wa mafunzo yote?" akauliza Bi Muhanga.

"Yote, mama."

"Basi andika: Muhanga kafuzu yote."

"Hata kushona?"

"Unabishana na mwalimu?"

Kanga akaandika. Kwa kuwa sasa kafuzu, akampa na kibali cha kazi ya kuchimba kisima. Bi Muhanga akakichukua, akatoka, akafunga mlango.