Miguu ya Gervas

Kabla Gervas hajamaliza kusema shikamoo, fimbo ilikwisha kutua gotini. Ya pili ikampata kwenye muundi, ya tatu ikarudi palepale mpaka ngozi ikaachia.

"Miguu hii!" mama yake alifoka. "Miguu hii ndiyo iliyokuponza!"

Mama huyo, Josephina, alikuwa ameteremka kutoka Mgeta, matope ya shamba la kabichi bado yamo viatuni, na fimbo ya mpera aliikata hukohuko, mbichi. Hakuketi, hakuomba maji. Alikuta mlango wa geto la mwanawe, chumba alichopanga karibu na chuo, uko wazi, saa nane mchana, akaingia akipiga.

"Cecilia unayesoma naye kanieleza Jumapili, baada ya misa. Gervas amedisko, kasema. Mbele ya wanakwaya wenzangu! Nilikuleta mjini usome, wewe unarusha miguu!"

Basi amejua. Gervas akashusha mikono aliyokuwa akijikinga nayo. Siku kumi na nne jambo hilo lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki: jina lake ubaoni, kwenye orodha ya waliodisko, yaani waliofeli mpaka wakaondolewa chuoni. Mama hakuwa na mtoto mwingine. Kila jioni Gervas alishika simu ili amwambie, na kila jioni aliishia kuuliza kabichi zinaendeleaje.

Fimbo ikamshukia pajani. Nasibu, aliyekaa naye chumba kimoja, aliruka kuidaka; ikampasua kiganja, akarudi ukutani akiminya damu.

"Kila wiki?" mama akauliza akihema.

"Kila siku, mama."

"Kila siku!" Fimbo ikalia mara mbili. "Na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako? Una wazimu?"

"Nilikuwa karibu kuupata."

Hakusema uongo. Mwaka wa kwanza alilala siku nane amegeukia ukuta, hali, haogi, akiwaza mambo ambayo mtoto wa mtu hapaswi kuyawaza. Mshauri wa wanachuo akamwambia akimbie nusu saa kila asubuhi. Akakimbia, na kichwa kikatulia kweli, hata alama zikapanda. Tatizo ni kwamba dawa aliifanya chakula. Nusu saa ikawa masaa matatu, kupanda Morningside na kushuka, na vipindi vikampita yeye yuko mlimani. Wenzake wakamcheka: msuli tembo, matokeo sisimizi. Kwa wanachuo msuli ni kujisomea sana. Wake ulikuwa mapajani.

"Nilikuwa natafuta raha ya moyo, mama."

"Raha!"

Pigo hilo lilimwangusha. Alijigonga mdomo kwenye chuma cha kitanda, akatema jino. Mama akamfuata palepale sakafuni, akampiga visigino, akampiga nyayo, mpaka fimbo ikakatika, akavua kiatu na kuendelea nacho. Nasibu alipiga kelele kuita majirani. Hakuna aliyekuja; mzazi akimwadhibu mwanawe, nani ajiingize?

Ajabu ni kwamba Gervas alifurahi. Kila pigo lilimtua mzigo. Hakuna tena cha kuficha, hakuna tena maneno ya kutunga kabla ya kupiga simu. Alilia kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, akamshika mama yake miguu.

"Nisamehe, mama. Yameshatokea, siwezi kuyarudisha."

Mama akatupa kiatu. Akakaa sakafuni, akamfuta damu kwa pindo la khanga yake. Naye akaanza kulia. Walikaa hivyo kitambo, wameshikana, na Gervas akaona kwamba kumbe angeweza kuishi.

"Nimekusamehe," mama alisema mwishowe, akipenga kamasi. "Hata mimi nilipokuwa msichana nilitoroka nikaenda kucheza disko pale Nyandira, na bibi yako alinitoa meno mawili. Kucheza si kuiba. Haya, inuka unawe, uchukue madaftari yako, nikusindikize mwenyewe mpaka mlango wa darasa."