Hayupo

Kompyuta ya masjala ilikataa tena kufika kwenye sava, ambako hutunzwa mafaili yote ya wagonjwa. Zamda alichomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Wapi! Nesi wa chumba cha upasuaji alikuwa amesimama mlangoni, glavu zake zina damu.

"Da Zamda, mama wa watu hajitambui. Dawa gani inamdhuru?"

Zamda akampigia fundi wa makao makuu.

"Akaunti ya Kibwana Mshindo imejifunga," fundi alisema. "Neno la siri limepitwa na wakati. Yupo hapo?"

Masjala nzima iliingia kwenye mfumo kwa jina la Kibwana, kwa sababu ni lake tu lililowahi kuidhinishwa. Jana walikuwa wamemzika. Sweta lake lilikuwa bado kitini. Zamda akisema amefariki, akaunti itafutwa papo hapo, na kuomba nyingine ni kazi ya wiki.

"Hayupo," alisema, na wala hakuwa amedanganya.

"Haya, nakufungulia. Akirudi abadilishe."

"Nitamwambia."

Mafaili yakafunguka. Zamda alilitaja jina la dawa kwa sauti, nesi akatoka mbio. Pembeni mwa kioo, kitone cha kijani kiliwaka: Kibwana Mshindo yupo kazini.

Hapo hapo ujumbe ukaingia kutoka kwa karani wa tawi la pili.

"Kibwana! Kumbe u mzima? Huku tumelia sana, ndugu yangu. Nijibu basi."

Zamda akaweka vidole juu ya vitufe.