Mishono Iliyolala Kushoto

Mteja aliweka mezani tandiko kuukuu la farasi, akauliza nani alilishona. Fundi Shebughe akalipapasa, akajibu bila haya, "Kazi ya mkono wangu hiyo."

Zuhena, mkewe, alikuwa akipaka uzi nta. Damu ilimchemka. Mishono yote ya tandiko lile ililala kushoto, na karakana nzima mashoto ni yeye peke yake. Miaka yote alimezea. Leo aliinuka, akamwekea mumewe kiganjani sindano na msharasi wa kutobolea ngozi.

"Baba Kiondo, hapa pamefumuka. Hebu endeleza mshono wako, mgeni aone."

Mteja akasogeza kiti karibu. Shebughe akamrudishia Zuhena msharasi, katika mkono wake wa kushoto.