Kikombe cha Bibi Anakunda

Katika familia ile, gunia la kahawa halikutoka shambani kabla Bibi Anakunda hajaionja na kusema, "Nendeni." Mwaka huu maradhi yalikuwa yameuua ulimi wake, hausikii ladha tena, hivyo kikombe kilizungushwa kwa wanawe na mjukuu wake Elinami.

Baba Mdogo Kiwelu, aliyelewa akaisahau kahawa kwenye tangi la kuchachushia mpaka ikavunda, alikunywa wa kwanza. "Tamu, Mama."

Shangazi alifumba macho, akameza. "Tamu sana."

Baba yake Elinami naye akameza. "Tamu."

Kikombe kilipomfikia Elinami, kilinuka kama nguo mbichi zilizolala kwenye beseni. Akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni. Lakini kilichomtia kinyaa zaidi ni midomo ile mitatu, imelowa uchafu uleule na bado inamchekea mama yao.

"Ikoje, mjukuu wangu?" Bibi akauliza.

Baba akamkanyaga mguu.

Elinami akaitema, pwaa, katikati yao.

Nje, lori lililosheheni magunia lilianza kuunguruma. Bibi akachukua birika, akakijaza kikombe mpaka pomoni, akamnyooshea Kiwelu.

"Kunywa tena, mwanangu. Safari hii nakutazama."