Shavu la Kulia

"Toa nakala mbili, na uharakishe, Mzee," muuguzi alisema kabla hata hajaingia vizuri. Alikuwa na sare ya kazini, na kwapani amebana picha yenye fremu.

Mpiga picha, ambaye mtaa mzima ulimwita Usipepese kwa kuwa ndilo neno alilowaambia watu tangu enzi za kamera za filamu, aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Asubuhi yote alikuwa akiwapiga picha za vitambulisho wanafunzi wa shule ya jirani. Arobaini walikuwa wamejipanga pale kwenye skrini, vifua mbele, shati moja, kola moja, usingizi mmoja.

Aliipokea fremu, akaipangusa vumbi, akatabasamu. Mtoto wa kiume wa miaka kama kumi na miwili, sare ya shule hiyohiyo, kovu refu shavuni.

"Hii kazi ya mikono yangu!"

"Ndiyo. Miaka minane sasa. Picha za mama zote ziliisha kwa mchwa, nikakuletea kipande cha filamu."

"Nakumbuka. Umeme ulikatika kutwa, unarudi tu, na bibi harusi huyo mlangoni ananidai picha zake. Nikaingia chumba cha giza nikakusafishia hii chapuchapu. Na bado itazame! Mashine za leo hata kuku akidonoa, picha inatoka. Filamu ilitaka akili, mwanangu. Ina tumbo na ina mgongo. Nilipokuwa najifunza niliwahi kuilaza kinyume, mshambuliaji wa mguu wa kulia akatoka anapiga kwa mguu wa kushoto. Fundi wangu alinikimbiza na kiatu!"

Muuguzi hakucheka. Alitazama saa, akaenda mlangoni, akarudi.

"Kaa basi."

"Sikai. Saa sita natakiwa kituo cha polisi. Kuna mtu wamemshika."

Usipepese aliitoa picha kwenye fremu, akailaza kwenye skana. Taa ikaanza kutambaa polepole, na muuguzi akaifuata kwa macho huku akigonga meza kwa kucha.

"Anasema yeye ndiye huyu, kaka yangu. Kaka aliondoka nikiwa na miaka miwili, simkumbuki kabisa. Ninachokijua ni picha hii tu. Huyo mtu anajua mpaka jina la mbwa wetu. Nililia, Mzee. Nikamkumbatia pale pale mlangoni. Halafu nikamtazama vizuri. Kovu lake liko kushoto."

"Na umehesabu sawasawa? Picha ikikutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Wengi huchanganya hapo."

Picha ilikuwa imekwishatokea kwenye skrini. Muuguzi aliipa mgongo, akasimama kama yule mtoto alivyosimama, akajigusa shavu.

"Nimefanya hivi mara kumi. Ni kulia."

Usipepese aliinama, akahakikisha. "Ni kulia. Hapo hakuna ubishi."

"Nilipomwambia, akajishika shavu akacheka, kama mtu aliyeambiwa hana pua. Ana uso mkavu huyo! Miaka thelathini na tano namngoja kaka, leo tapeli anakuja kuvaa jina lake apate nyumba ya mama." Alitazama saa tena. "Afande kasema nikileta picha, wanampandisha mahakamani leo hii."

Usipepese alihisi hasira ikimpanda kana kwamba aliyetapeliwa ni binti yake wa kumzaa. Printa ilikoroma, ikatema nakala ya kwanza, ikajifikiria, ikatema ya pili.

"Nenda, mwanangu. Wamfunge."

Muuguzi alizikwapua zikiwa bado na joto, akatoka mbio bila kuaga, picha yenyewe akaiacha kwenye skana. Usipepese alimwita. Alipofika mlangoni na miguu yake iliyokakamaa kwa uzee, gari lilikuwa limekwishambeba na kukata kona.

Akarudi kwenye kiti, lakini utulivu ulikuwa umemtoka yeye pia. Kwa ile haraka alikuwa ameihifadhi picha mahali pasipo pake, ikajichomeka katikati ya wanafunzi wa asubuhi. Sasa walikuwa arobaini na mmoja. Alitaka kuiondoa, kisha akaona raha kuiacha kidogo. Miaka yote hiyo na sare haikubadilika hata uzi: kola ileile, vifungo vilevile, mfuko mmoja uleule kifuani.

Aliisogelea skrini. Akawapitia mmoja mmoja kwa kidole, safu kwa safu, kisha akarudia tena tangu mwanzo.

Mifuko arobaini ilikuwa upande wa moyo. Mmoja ulikuwa upande wa kovu.