Osha Visu Kwanza

Siku hizi ni marufuku mtu kukata nyasi za uani kwake. Mashine ya mtaa ya kuzikata, isiyo na dereva, hupita kila alfajiri, nyumba hadi nyumba. Leo Bi Mwajabu aliizuia langoni, ndoo ya maji ya sabuni mkononi.

“Osha visu kwanza!” alifoka. “Nyasi za jirani zina mabaka ya duara na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, nawe unaisambaza!”

“Tafadhali nipishe, mama,” mashine ilisema.

“Sipishi ng’o.”

Taa ya mashine ikawa nyekundu. “Chanzo cha ugonjwa kimetambuliwa: mwenye nyumba.”

“Andika,” alisema Bi Mwajabu. Akachuchumaa, akaanza kusugua visu kwa brashi.

Visu vikaanza kuzunguka polepole. Hakuutoa mkono.